Zamu ya Kwanza ni ya Nani?

Penda Health ilifungua kliniki yake ya kwanza mjini Kitengela mwaka 2012, wakati mji ulikuwa ukifura kwa wageni waliofuata ploti za bei nafuu, nyumba za kupanga na kazi za viwanda vya EPZ kule Athi River. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi: mtu wa kipato cha chini atibiwe karibu na kwake, kwa bei anayoimudu, na anayemhudumia awe tabibu wa kawaida wala si daktari bingwa. Miaka 13 baadaye, kampuni hiyo inatajwa na watafiti wa ng'ambo kwa jambo tofauti kabisa. Matabibu wake wanaandika, na mashine inasoma kila wanachoandika kabla mgonjwa hajatoka chumbani.

Mambo huenda hivi. Tuseme mama ameleta mtoto wa miaka mitatu, ana homa na kikohozi tangu juzi. Tabibu anamsikiliza, anampima, anajaza kwenye kompyuta: dalili, vipimo, ugonjwa anaoushuku, dawa anazotaka kumpa. Kila anapomaliza hatua, programu iitwayo AI Consult, inayotumia akili bandia ya kampuni ya OpenAI, inapitia alichoandika. Ikiona kazi iko sawa, inaonyesha kijani na kunyamaza. Ikiona jambo linalofaa kuangaliwa, inaonyesha njano, na tabibu ana hiari ya kusoma au kuendelea. Ikiona hatari inatoa nyekundu, na hapo hapiti mpaka asome onyo. Huenda ameandika antibiotiki bila kuhesabu mtoto anapumua mara ngapi. Kwa umri huo, kupumua mara 40 au zaidi kwa dakika ni dalili inayomfanya tabibu ashuku nimonia. Pungufu ya hapo, huenda ni mafua tu yatakayopita yenyewe. Tabibu akisoma onyo, anaweza kuinuka akahesabu pumzi za mtoto, au akaamua kwamba mashine haijui anachokijua yeye. Uamuzi unabaki wake.

Mapema mwaka 2025 mpango huo ulipimwa katika kliniki 15 za Penda, kwa wagonjwa 39,849. Nusu ya matabibu walikuwa na mashine, nusu hawakuwa nayo. Madaktari wa nje walipopitia sampuli ya faili, waligundua kwamba waliokuwa na mashine walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16 na makosa ya matibabu kwa asilimia 13. Ni lazima nitaje mambo mawili hapa ili msomaji asije akadhani ninapigia mtu debe. Kwanza, OpenAI wenyewe walishiriki katika utafiti huo. Pili, wagonjwa walipoulizwa siku chache baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo mno kuthibitisha chochote.

Kuna takwimu moja katika ripoti hiyo, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Watafiti walihesabu pia nyekundu za mwanzo, yaani zile zinazotokana na alichoandika tabibu mwenyewe kabla hajaona ushauri wowote. Kwa matabibu wenye mashine, nyekundu hizo zilishuka kadiri wiki zilivyopita, kutoka takribani asilimia 45 ya ziara hadi karibu 35. Walikuwa wanajifunza. Tabibu aliyekumbushwa mara kadhaa kuhesabu pumzi alianza kuzihesabu bila kukumbushwa. Mashine ilikuwa inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na daktari mkongwe aliyepita wodini jioni, akafungua faili, akauliza kwa nini umempa huyu dawa hii.

Wala mashine haikuyafanya hayo peke yake. Mwanzoni ilipofungwa, matabibu wengi waliyapita maonyo kama watu wanavyopita matangazo kwenye simu, na hakukuwa na mabadiliko ya maana. Ilibidi wenzao walioielewa waketi nao, waoneshane visa halisi, na wakubwa wafuatilie ni nani anayeacha nyekundu bila kuishughulikia. Ndipo faida ikaonekana. Kaunti yoyote itakayonunua programu ya namna hii ikidhani kuifunga kunatosha, itakuwa imenunua kero.

Sasa tazama Poland. Mwezi Agosti 2025, jarida la kitabibu la Lancet linaloshughulikia magonjwa ya tumbo lilichapisha utafiti kuhusu madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera, wakitafuta vinyama vinavyoweza kugeuka saratani. Katika vituo vinne vya nchi hiyo, madaktari wenye uzoefu mkubwa walikuwa wamepewa akili bandia inayoweka alama kwenye skrini pale inapoona kitu. Watafiti wakaangalia kazi ya madaktari haohao siku walipofanya bila mashine. Kabla mashine haijaja, walikuwa wakigundua vinyama hivyo katika asilimia 28.4 ya uchunguzi. Katika miezi michache ya kuizoea, walipofanya bila hiyo, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 22.4. Hawa ni watu ambao kila mmoja alikuwa amefanya uchunguzi wa aina hiyo zaidi ya mara 2,000. Jicho lililonolewa kwa miaka lilianza kufifia ndani ya msimu mmoja.

Kwa nini matabibu wa hapa waongezeke ujuzi na mabingwa wa Poland wapungukiwe? Kazi zenyewe zinatofautiana, na mtu mwangalifu hatalinganisha nambari za huku na za kule. Lakini ukitazama mpangilio wa kazi, utaona jambo moja linalojitokeza. Kule Poland mashine iliangalia wakati uleule daktari anaangalia, na mara nyingi ilimtangulia kuonyesha. Jicho likajifunza kungoja alama. Kwenye kliniki za Penda, tabibu alitangulia: alifikiri, akaamua, akaandika, na ndipo mashine ikapata zamu yake. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya mjadala wetu kuhusu mashine hizi, kwamba zitatufanya werevu au wajinga, ingeishia hapo kama tungeuliza kila mara zamu ya kwanza ni ya nani.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye gereji. Magari mengi yanayopita Barabara ya Namanga ni ya mtumba kutoka Japani, Probox, Fielder, Vitz, Note, na yote yana kompyuta ndani. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi huchomeka kile kidude cha kusomea kompyuta ya gari, na sekunde chache baadaye kinatoa nambari. Tuseme ni P0171. Maana yake ni kwamba kompyuta imeona hewa imezidi petroli ndani ya injini. Ni hilo tu iliyoliona. Fundi aliyezoea kuanza na kidude huenda moja kwa moja kwenye sensa ya oksijeni, kwa kuwa ndiyo iliyopeleka habari. Mwenye gari anatafuta pesa, sensa mpya inafungwa, taa inazimwa, na baada ya siku chache inawaka tena. Sensa ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo. Hewa ilikuwa ikiingia kwenye hozi iliyopasuka nyuma ya injini, au pampu ya mafuta ilikuwa imechoka, au sensa ya hewa ilikuwa imeshika vumbi, na vumbi la kuelekea Isinya si la kuchezewa.

Fundi wa zamani angefungua boneti kwanza. Angeacha injini ingurume, asikilize kama kuna mluzi wa hewa, apitishe mkono kwenye mipira, amuulize dereva gari lilianza lini kukosa nguvu mlimani na ni baada ya kutengenezwa nini. Kufikia hapo angekuwa na mawazo mawili matatu kichwani. Kidude angekitoa mwisho, kimthibitishie au kimkosoe, na kikimkosoa angekuwa amejifunza kitu, kwa sababu alikuwa na dhana ya kukosolewa. Asiye na dhana hana kinachoweza kusahihishwa.

Simlaumu kijana. Mwenye gari amesimama kando na saa mkononi, anataka jibu, na kidude kinatoa jibu lenye herufi na tarakimu zinazofanana na uhakika. Wateja nasi tumechangia. Tunamwamini zaidi fundi mwenye skrini kuliko mwenye sikio.

Kitengela ina kisa kingine ambacho ningependa kila mwalimu wa sayansi wa kaunti yetu ya Kajiado akifundishe taratibu, hatua kwa hatua. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ua pande nyingi, lakini upande wa kusini imeachwa wazi kuelekea nyanda za Kitengela ili nyumbu na pundamilia wapate kutoka na kurudi. Simba huwafuata. Wakitoka wanakuta maboma, na katika maboma kuna ng'ombe na mbuzi ambao hawana mbio za pundamilia. Uhasama huo una historia ya damu: mwezi Juni 2012, wakazi wa eneo la Kitengela waliua simba sita kwa siku moja baada ya mbuzi wao kushambuliwa.

Richard Turere alikulia upande huo wa kusini. Kama watoto wengi wa Kimaasai, alikabidhiwa ng'ombe wa baba yake angali mdogo, na asubuhi moja akaamka akakuta fahali wao wa pekee ameuawa. Akaanza kutafuta njia. Alijaribu moto, akaona hauwatishi simba, bali unawaangazia wapate kuona vizuri ndani ya zizi. Akajaribu sanamu la mtu. Siku ya kwanza simba walifika wakaliona wakaondoka. Siku ya pili walirudi, wakaona halijasogea, wakaelewa. Usiku mmoja alikuwa akizunguka zizi na tochi, na usiku huo simba hawakuja. Hapo ndipo alipokamata jambo lenyewe: simba anaogopa mwanga unaotembea, kwa sababu nyuma ya mwanga unaotembea kuna mtu.

Ndipo akatafuta vifaa, na uone vilikuwa vitu gani. Betri kuukuu ya gari. Kile kisanduku cha pikipiki kinachofanya taa za kukatia kona ziwake na kuzima. Swichi. Vibalbu kutoka kwenye tochi iliyoharibika. Paneli ndogo ya jua ikachaji betri, betri ikalisha kisanduku, na balbu zilizotazama nje ya zizi zikawaka kwa kupokezana, kana kwamba mtu anazunguka usiku kucha. Alikuwa na umri wa miaka 11. Ujuzi wa umeme aliupata kwa kufumua vitu nyumbani, ikiwamo redio mpya ya mama yake, jambo ambalo lilimtia matatani. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED kule California akasimulia hayo, na taa zake zikaenea katika maboma mengine.

Watu hukisimulia kisa hiki kama hadithi ya mtoto na taa. Mimi nakiona zaidi kama hadithi ya mtoto na simba. Kifaa kilikuja mwisho kabisa, baada ya kushindwa kwa moto, kushindwa kwa sanamu, na kukesha usiku mwingi akitazama tabia ya mnyama. Mtoto yuleyule, kama angekuwa na simu ya kuuliza namna ya kufukuza simba, angepewa orodha safi ya mapendekezo, na huenda moto ungekuwamo. Asingepewa kile alichokiona yeye kwa macho yake zizini kwao.

Na yaliyofuata yanafundisha pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu taa za aina hiyo katika maboma yanayopakana na mbuga ulionyesha kwamba mashambulizi ya usiku yalipungua katika maboma yenye taa, lakini simba wakaanza kushambulia zaidi mchana, mifugo ikiwa malishoni. Mashine ilishika zamu ya usiku, mzigo ukamrudia mchungaji mchana, na huko hakuna balbu. Kunahitajika jicho linalojua kwa nini ng'ombe wote wameinua vichwa mara moja. Familia iliyomwachisha mtoto kuchunga kwa kuwa sasa kuna taa ingekuwa imepoteza ulinzi wakati uleule ulipohitajika zaidi.

Jambo jingine linanitia wasiwasi katika kisa cha Turere, nalo ni redio. Ile redio ilifunguka. Ilikuwa na skrubu, nyaya, spika, vitu ambavyo mtoto anaweza kufuata kwa kidole kutoka hapa hadi pale. Simu ya leo imegundishwa kwa gundi, na hata ukiifungua, kilichomo ndani hakikuoneshi kinavyofikiri, kwa kuwa nusu ya akili yake iko kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo. Kukiwa hakuna mtandao, kifaa kinachoitwa janja kinakuwa kipande cha kioo. Mtoto mdadisi wa Kitengela amezungukwa na mashine nyingi kuliko alivyokuwa Turere, na karibu zote zimemfungia mlango.

Tofauti hii ni kubwa hata ukiipima kwa historia ndefu, na Kajiado ina historia ndefu kuliko karibu mahali popote. Ukishika barabara ya Magadi utafika Olorgesailie, ambapo Louis na Mary Leakey walianza kuchimba katika miaka ya 1940, wakakuta shoka za mawe zimetapakaa kwa mamia. Binadamu wa kale walizichonga hapo kwa miaka mingi sana kwa namna ileile karibu bila mabadiliko. Kisha, kama watafiti walivyoeleza mwaka 2018, kufikia miaka 320,000 hivi iliyopita, mambo yalikuwa yamegeuka: vifaa vidogo, vyenye ncha, vilivyochongwa kwa ustadi zaidi, na baadhi yake ni vya jiwe jeusi la kioo cha volkano lililotoka mbali, mengine kilomita zaidi ya 50. Jiwe halitembei lenyewe, kwa hiyo watafiti wakaona dalili ya watu waliokuwa wakibadilishana vitu na jamii za mbali. Anayedai kwamba vifaa humharibu binadamu ana kesi ngumu ya kujibu Olorgesailie. Lakini aliyetumia ncha ile aliichonga, au alikaa karibu na aliyeichonga akaona kila pigo. Sisi ndio kizazi cha kwanza kukabidhiwa vifaa vinavyofikiri ambavyo hakuna jirani yetu anayejua jinsi vilivyochongwa.

Upande mwingine wa kaunti, kuna watu waliopatanisha ya kale na ya sasa. Lion Guardians, shirika lililoanza mwaka 2007 katika nyanda za Amboseli, liliajiri morani, baadhi yao waliowahi kuua simba, ili wawalinde simba haohao. Wengi hawakuwa wamesoma. Walifundishwa kuandika, kutumia GPS na kufuatilia simba waliovalishwa kola zenye redio. Kazi ya kila siku huanzia mguuni: morani anafuata nyayo, anazisoma, anajua ni simba jike au dume, amepita lini, ana watoto au la. Anachokijua ndicho kinachoingizwa kwenye kifaa, kisha habari inasambazwa kwa simu kwa wachungaji, msilishe bonde lile leo. Wanatafuta pia mifugo iliyopotea, na hata watoto wachungaji waliopotea porini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mauaji ya simba katika maeneo yao yalipungua kwa karibu asilimia 99. Hakuna kola wala setilaiti ambayo ingefanya hivyo ikiwa peke yake, kwa kuwa simba wengi hawana kola.

Linganisha na sisi wa mitaani. Mjini Kitengela, ambako barabara nyingi za mitaa hazina majina na mtu huelekezwa kwa posho mill na rangi ya geti, kijana wa bodaboda aliyezijua njia kwa kuzurura sasa anafuata mshale wa ramani. Watafiti wa Montreal, Canada, waliripoti mwaka 2020 kwamba madereva waliotegemea GPS zaidi walikuwa na kumbukumbu dhaifu zaidi ya njia walipoachwa wajielekeze, na waliopimwa tena baada ya miaka mitatu walionekana kushuka kwa kadiri walivyoitegemea. Sitaki kulia sana kwa ajili ya njia za mitaa. Ujuzi mwingine unakufa na hakuna anayeumia. Nambari za simu tulizokuwa tukizikariri hazijatuachia pengo.

Kinachoniuma ni shule.

Ripoti ya DataReportal ya Julai 2025 iliiweka Kenya juu ya nchi zote zilizopimwa kwa matumizi ya ChatGPT: asilimia 42.1 ya watumiaji wa intaneti walikuwa wameitumia katika mwezi uliotangulia. Takwimu hiyo ni ya wenye umri wa miaka 16 na zaidi, lakini simu ya mama haina mpaka wa umri. Jioni, katika nyumba nyingi za Kitengela, mzazi angali kwenye msongamano wa Mombasa Road akirudi kutoka Nairobi, mtoto amebaki na kazi ya nyumbani na simu. Anapiga picha swali. Jibu linakuja, lina hatua zote, limeandikwa vizuri kuliko mwalimu anavyoandika. Analinakili. Kesho anapata vema. Mzazi akiuliza, anaambiwa kazi imekwisha, na ni kweli imekwisha.

Nchini Uturuki, watafiti walifuatilia karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari katika hisabati. Kundi moja lilipewa akili bandia ya kawaida, inayotoa majibu. Kundi lingine lilipewa iliyofungwa breki: inatoa vidokezo vilivyotayarishwa na walimu, haitoi jibu. Kundi la tatu halikupewa kitu. Wakati wa mazoezi, waliokuwa na mashine ya kawaida walifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wasio na kitu. Kisha mashine ikaondolewa, wakapewa mtihani. Kundi hilohilo likafanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Waliokuwa na mashine ya vidokezo hawakupata madhara hayo kwa kiasi kikubwa. Mwalimu yeyote anayesoma nambari hizo anajua zinasema nini kuhusu alama nzuri za kazi ya nyumbani anazoziona siku hizi.

Karibu na Boston, Marekani, watafiti wa chuo cha MIT walipima ubongo wa watu 54 walipokuwa wakiandika insha, na mwaka 2025 wakatoa ripoti ya awali. Ni kundi dogo, na ripoti hiyo ilipotolewa haikuwa imepitiwa na wataalamu wengine, kwa hiyo ichukuliwe kwa tahadhari. Waliotegemea mashine tangu mwanzo walionyesha shughuli ndogo zaidi ya ubongo, na wengi walishindwa kunukuu hata sentensi moja ya insha waliyotoka kuiandika. Wachache walipobadilishwa, wale walioanza kwa kuandika wenyewe na kupewa mashine baadaye walikumbuka zaidi kuliko walioanza na mashine wakanyang'anywa. Zamu tena.

Sisi Wakenya tuna ushahidi wetu hapa, ingawa hatupendi kuutaja. Kwa miaka mingi, vijana wengi wa vyuo vikuu na waliomaliza wakakosa ajira waliishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha za darasani. Biashara yenyewe ilikuwa ni udanganyifu, na siitetei. Lakini aliyeandika ndiye aliyejifunza. Kijana aliyekodi chumba kimoja akaandika usiku kuhusu sheria ya mikataba, kesho uuguzi, keshokutwa historia ya Ulaya, alitoka akiwa msomi asiye na cheti, na aliyelipia alibaki na cheti kisicho na usomi. ChatGPT ilipoingia mwishoni mwa mwaka 2022, kazi hiyo ilianza kukauka. Sasa watoto wetu wanaelekea kukaa kwenye kile kiti cha mnunuzi, na tofauti ni kwamba hawalipi chochote, kwa hiyo hawaoni kama wamenunua.

Serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Bandia wa 2025 hadi 2030 mwezi Machi 2025. Uko sawa kuzungumzia miundombinu, data na vipaji. Lakini swali la zamu halitatatuliwa na waraka wa Nairobi. Litatatuliwa na anayeandika masharti ya zabuni ya programu ya zahanati Bisil au Loitokitok, akisisitiza kwamba tabibu aandike maoni yake kabla ushauri haujatokea kwenye skrini. Litatatuliwa na mkufunzi wa chuo cha ufundi anayemwambia mwanafunzi wa magari aandike sababu tatu anazoshuku kabla hajakabidhiwa kidude, kisha ampe alama kwa sababu hizo hata kama ya kweli ilikuwa ya nne.

Na litatatuliwa mezani nyumbani. Mitihani ya kitaifa ya KNEC inafanywa bila simu chumbani; kila mtoto wa Kajiado atakutana na siku ambayo mashine imeondolewa, kama ilivyoondolewa kwa wale wa Uturuki. Mzazi hahitaji kujua hisabati ya Gredi ya Tisa ili asaidie. Aombe kuona ukurasa wa kwanza, ule wenye makosa yaliyofutwa, mishale na majaribio yaliyoshindikana, kabla jibu safi halijaandikwa. Ukurasa huo ukiwepo, mruhusu mtoto achukue simu alinganishe, aone alipokosea, aulize kwa nini. Usipokuwepo, simu irudi kwenye mkoba wa mama, na kazi ianze upya kwa penseli.